Katika Kuisifu Risala ya Kuaga

Mafundi wengi katika nchi zetu hawakunyimwa sifa zao. Mchonga milango wa Unguja na Lamu husifiwa hata na mgeni asiyejua kuzisoma nakshi zake. Muundaji wa majahazi hutajwa kwa jina muda wote chombo chake kinapoelea. Na malenga hukumbukwa na vizazi ambavyo havikupata kuuona uso wake. Lakini yuko fundi mmoja ambaye kazi yake husikika kwa robo saa tu, mbele ya hadhara iliyoketi juu ya mabenchi ya bwalo la chakula, kisha hukunjwa, hutiwa katika bahasha, na huondoka pamoja na mtu aliyeandikiwa, pasibaki nyuma hata nakala ya kushuhudia kwamba ilipata kuwapo. Fundi huyo ni mwandishi wa risala ya kumuaga mtumishi katika shule ya bweni. Nakusudia kuisifu kazi yake kabla sifa hiyo haijageuka kuwa tanzia, na huenda saa ya kufanya hivyo imekwisha kupita.

Mwaka uliopita nilihudhuria sherehe ya kumuaga matroni wa shule moja ya wasichana, mama aliyetimiza umri wa miaka 60, ambao sheria ya utumishi wa umma humtaka mtu astaafu hata kama mikono yake ingali na nguvu na macho yake yangali na nuru. Mahema yalisimamishwa, viti vikavikwa vitambaa, vipaza sauti vikaletwa kwa gari, na mshereheshaji mwenye tai nyekundu akakodiwa kutoka mjini ili atuchekeshe. Risala ilisomwa na dada mkuu kutoka katika simu ya mwalimu wake. Ilisema kwamba matroni alikuwa mchapakazi, mwadilifu, mpenda watu, nguzo ya shule na kielelezo cha kuigwa na wote. Na katika sifa zote hizo hapakuwa na hata moja ambayo isingeweza kupewa mhasibu, au mwenyekiti wa bodi, au mtu mwingine yeyote ambaye hakupata kufukuzwa kazi. Ilidumu kwa dakika mbili. Muziki uliofuata ulidumu hadi magharibi. Nami nilikuwa nimeketi karibu na wasichana wa kidato cha pili, ambao, kwa kuwa hakuna aliyewauliza neno mbele ya hadhara, walinieleza mimi kwa minong'ono kwamba matroni huyu, kila ilipofika shuleni habari ya msiba inayomhusu mmoja wao, hakumpa msichana habari hiyo kabla hajamketisha nyumbani kwake na kumlisha akashiba, kwa hoja kwamba mwenye kusikia msiba hali tena kwa siku mbili. Jambo hilo lilijulikana kwa kila mtoto aliyekuwapo pale. Katika risala halikuwamo.

Shule ya kutwa huagana na mwalimu wake kila jioni, na kwa hiyo siku yake ya mwisho huwa ni jioni moja zaidi tu. Shule ya bweni haina jioni ya namna hiyo. Hapo mtoto huamshwa na kengele, ambayo aghalabu ni rimu ya gari iliyotundikwa katika tawi la mwembe. Hukimbia mchakamchaka gizani. Hupewa uji na mtu yule yule aliyempa jana na juzi. Huhesabiwa na mwalimu wa zamu. Hujisomea usiku chini ya jicho la patroni. Na akiugua, paji lake la uso hushikwa na mkono usio wa mama yake. Humwona mwalimu akiwa na koti la darasani, na humwona tena akiwa na msuli barazani kwake, akimsaidia mkewe kuchambua mchele. Humjua mpishi kwa kikohozi chake cha alfajiri, na mlinzi kwa wimbo anaouimba ili asilale. Watu wazima hudhani kwamba wao ndio wanaowachunguza watoto, ilhali watoto mia nne waliofungiwa pamoja na watumishi thelathini kwa sehemu kubwa ya mwaka hawana kitabu wanachokisoma kwa bidii kuliko nyuso za watumishi hao. Elimu hiyo haina mtihani wala cheti, na ndiyo mali ghafi ya risala ya kuaga. Asiyeichota hapo hana pengine pa kuchota.

Sitaiandika hapa tarehe nzima ya desturi hii, kwa sababu asili zake ni nyingi. Sehemu moja imetoka katika barua za kale za pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikuthubutu kuingia katika shauri lenyewe kabla ya kumpa mwandikiwa salamu zake, cheo chake na dua zake zote. Sehemu nyingine imetoka katika hotuba walizosomewa magavana wa Kiingereza walipoizuru miji yetu au walipoondoka, hotuba za hati ya madaha zilizotiwa katika fremu na kukabidhiwa kwa mikono miwili. Baina ya hayo mawili walisimama vijana wa shule: wa Kiungani huko Unguja, ambayo Misheni ya Vyuo Vikuu iliihamishia Minaki, karibu na Kisarawe, mwaka 1925; wa Tabora, shule ambayo Waingereza waliijenga katika miaka ya 1920 kwa ajili ya wana wa machifu; na wa Pugu ya Wakatoliki, ambayo Julius Nyerere aliiacha mwaka 1955 ili awatumikie watu kwa njia nyingine, na jina la Mwalimu likamfuata hadi Ikulu na hadi kaburini. Shule hizo ziliwakusanya watumishi kutoka pande zisizojuana, Mbondei akampikia Mhaya na Mnyasa akamfundisha Msukuma, na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma miaka miwili baadaye, ikawa njia ya kuwaleta na kuwaondoa. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, likawazoesha wasomi wa kila wilaya kuona maneno yao na mashairi yao yakisomwa na watu wa mbali. Katika habari hizi zote linalonipendeza ni moja. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya magavana, shule zilikitwaa na kukielekeza kwa mpishi, kwa karani wa bohari na kwa mpiga kengele, na hazikukipunguza urefu wala taadhima yake kwa sababu ya udogo wa cheo cha anayeagwa.

Fundi niliyemwona mimi kwa macho yangu alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, katika shule ya wavulana ya bara, miaka ya 1970. Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo iliwalazimisha watu kunyamaza ili waisikie. Mtumishi alipokaribia kuondoka, yeye hakungoja tangazo la ofisi. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe aliwaita wanafunzi watatu barazani kwake, mmoja mwenye macho, mmoja mwenye mkono na mmoja mwenye sauti, na hakukubali hata mara moja kwamba sifa hizo tatu zikusanywe katika kijana mmoja. Kiranja mkuu alinung'unika sana, kwa kuwa aliona kuisoma risala ni haki ya cheo chake. Mwalimu alimjibu kwamba cheo hakina koo, na mtoto wa kidato cha pili mwenye sauti njema akasoma mbele ya mkuu wa wilaya.

Amri aliyowapa wale watatu ilikuwa fupi: wasimletee sifa, bali wamletee tendo, mahali na saa. Walizunguka na daftari kwa siku nyingi, wakiuliza jikoni, bohari, zahanati, shambani, na katika vitanda vya wadogo ambao wakubwa hawana desturi ya kuwauliza lolote. Waliporudi, mwalimu alichukua penseli na kupita katika maandishi yao akifuta kila sifa isiyokuwa na tendo la kuitegemeza. Hodari alifutwa. Mkarimu alifutwa. Mchapakazi alifutwa kwa mistari miwili. Kilichobaki aghalabu kilikuwa ukurasa mweupe wenye maneno machache yaliyotawanyika, na hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu vijana walipoona utupu ule walitambua kwamba wamekaa na mtu miaka mitatu wakala ugali wake bila ya kumtazama.

Mpishi mkuu alipostaafu, waliandika kwanza kwamba alitupikia chakula kizuri. Mwalimu alicheka hata akavua miwani, akauliza ni chakula kipi hicho, na kinapikwa siku gani, maana yeye amekaa zamu bwaloni mara nyingi na hakupata kukikuta; nasi tuliokula maharage yenye wadudu kwa muhula mzima tulicheka pamoja naye. Wakarudi tena kuuliza. Wakarudi mara nyingine. Hatimaye mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye alikuwa amelala na homa kwa wiki moja, akaeleza jambo ambalo yeye hakulidhania kuwa ni la ajabu: kwamba kila usiku, baada ya watu wote kula na kuni kuondolewa mekoni, mpishi yule husimama mlangoni pa bwalo na kuuliza, "Bado nani?", kisha huweka sahani zilizofunikwa juu ya jivu lenye kaa ndani yake, kwa ajili ya wagonjwa walioko bwenini na wale waliochelewa kurudi kutoka hospitali ya wilaya, na hakuwa na orodha, wala hakuagizwa na mtu. Kijana mwenye mkono, ambaye alikuwa ameanza kuzijua mizani na vina, akaandika beti kadhaa, na ubeti mmoja nimeuhifadhi mpaka leo:

Kwaheri mpishi wetu, mlinzi wa wenye njaa,
Hukusahau wa kwetu, wagonjwa waliokaa,
Uliwawekea vitu, juu ya jivu na kaa,
Nenda na salamu zetu, twakuaga kwa fadhaa.

Si ubeti mkubwa. Mwalimu aliuhesabu kwa vidole, akaona mizani kumi na sita katika kila mshororo, akaridhika na hesabu, lakini hakuridhika na mshororo wa mwisho, akisema kwamba salamu na fadhaa zingeweza kupelekwa kwa mtu yeyote aliye safarini, na kwamba katika bwalo letu hakuna hata mmoja mwenye fadhaa, tuko tayari kumlaki mpishi mpya kwa matumaini ya maharage safi. Mtunzi alijitetea kwa kina. Mwalimu akanyamaza kidogo, akakubali kwamba kina nacho hudai ushuru wake, akauacha mshororo ulivyo. Kisha akaweka kidole juu ya mshororo wa tatu na kusema kwamba huo tu ndio risala, na mengine yote ni bahasha yake.

Ulipoimbwa siku ya kuagana, mpishi aliinuka kabla ya zamu yake kufika, jambo lililomtaabisha sana mwongoza sherehe, akasema kwa sauti kavu kwamba anashukuru, lakini vijana wamekosea kidogo: jivu la kuni hupoa upesi, na yeye alikuwa akichanganya magunzi ya mahindi, ambayo moto wake hukaa hadi saa nne. Akaketi. Sijapata kuona tangu siku ile mwandikiwa akiisahihisha risala yake, na sidhani kama iko sifa iliyo kubwa kuliko hiyo kwa mwandishi, kwa maana hakuna anayesahihisha maneno ambayo hayamhusu.

Iko kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kumuaga mtu ambaye hakupendwa. Wengi hudhani kwamba hapo ufundi unataka uongo wenye heshima. Tulikuwa na mwalimu wa nidhamu ambaye fimbo yake ilijulikana kuliko jina lake, na alipopata uhamisho vijana waliandika kwamba alikuwa mpole na mlezi, wakiona hiyo ndiyo adabu. Yule mtu wa Pangani aliwarudishia karatasi yao. Aliwaambia kwamba mtu akisifiwa kwa wema asiokuwa nao hujua kwamba anatukanwa, na waliohudhuria hujua, na asiyejua ni mwandishi peke yake. Wakatumwa tena kutafuta, nao wakapata: kwamba mwalimu yule alikuwa na daftari lenye majina ya vijiji vyetu vyote na mabasi yaendayo huko, na kwamba siku ya kufunga shule alisimama barabarani tangu alfajiri hata basi la mwisho likaondoka, akihakikisha kwamba hakuna mtoto anayelala njiani. Risala ikaanza kwa kusema waziwazi mbele yake, "Tulikuogopa, mwalimu." Bwalo likaangua kicheko, naye akacheka, na wengi wetu tukayaona meno yake kwa mara ya kwanza. Kisha ikaendelea na habari ya daftari na mabasi, na kicheko kikakoma chenyewe. Hakuna aliyedanganywa siku hiyo, wala hakuna aliyeaibishwa.

Sehemu ya salamu nayo ilikuwa na elimu yake. Alianza mgeni rasmi, wakafuata mkuu wa shule, walimu, wake na waume wa walimu, wauguzi wa zahanati, karani, mtu wa bohari, wazee wa jikoni, walinzi, na mwisho wanafunzi kwa madarasa yao. Na kila kundi lilipotajwa liligeuza uso upande wa msomaji, kwa kuwa kila mtu hupenda kusikia kwamba amehesabiwa. Leo msomaji husimama, hukohoa, husema, "Itifaki imezingatiwa," na kuruka yote hayo kwa pumzi moja. Najua kwamba saa ni ghali, na najua kwamba wako wasemaji walioitesa hadhara kwa orodha za waheshimiwa. Walakini sijaona bado ufupisho huo ukimnyima waziri salamu yake. Anayefupishwa kila mara ni mzee wa jikoni.

Katika shule za wasichana palikuwako tawi jingine la ufundi huu ambalo wavulana hatukulijua. Dada yangu, aliyesoma huko Usambara, hunisimulia jinsi kamati yao ya zawadi ilivyokwenda dukani kumchagulia mwalimu doti ya kanga, wakakaa mchana kutwa wakifunua doti baada ya doti, si kwa kutafuta rangi bali kwa kusoma jina lililoandikwa. Kanga nyingine ni nzuri sana machoni na jina lake ni kijembe kwa mke mwenza. Nyingine humwambia jirani achunge ulimi wake. Na ole wao wanaomkabidhi mwalimu wa dini kanga yenye maneno ya mahaba mbele ya askofu. Waliinunua moja kwa pupa, kwa sababu ya pindo lake, wakalisoma jina usiku kwa mwanga wa taa, na asubuhi mwenye duka akawaona wamesimama mlangoni kabla hajafungua. Baada ya mwaka 1967, wakati Elimu ya Kujitegemea ilipozipeleka shule zote mashambani, zawadi zikaongezewa mahindi, kuku na mayai ya shule yenyewe, na mtumishi akaondoka na mbegu alizopalilia pamoja na watoto.

Ngonjera pia ilipata makao yake humo. Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyefariki mwaka 1969, aliuvumisha utanzu huu wa watu wawili kushindana kwa beti hata wakapatana, na walimu wa shule wakauona unafaa mno kwa shughuli ya kuagana: mwanafunzi mmoja hukataa katakata mtumishi asiondoke, na hutoa hoja zake; mwingine humtetea msafiri kwamba ana haki ya kupumzika na kuwaona wajukuu zake; na katika beti za mwisho yule mkaidi hushindwa. Nimewaona watu wazima wakiombea kimoyomoyo mkaidi ashinde.

Sasa nikitafuta sababu za kupotea kwa ufundi huu siwezi kuitupa lawama mahali pamoja. Sheria ya elimu ya mwaka 1969, iliyozitwaa shule za misheni na kuziweka mikononi mwa serikali, ilitenda haki kwa watoto wengi waliokuwa wakifungiwa milango kwa ajili ya dini zao, nami siilaumu. Lakini iliambatana na zama ambazo mwalimu alihamishwa mara kwa mara, na mtu aliyekaa miezi kumi na minane haachi nyuma yake magunzi wala mabasi ya kusimuliwa. Mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijenga shule katika kata, nyingi zikiwa za kutwa, na hilo pia ni heri kubwa kwa mzazi asiye na ada ya bweni. Mpishi wa leo katika shule nyingi ameajiriwa kwa mkataba mfupi, na mkataba ukiisha haagwi, huacha kuitwa tu. Nisilolisamehe kwa wepesi ni lile la kompyuta ya ofisi, ambamo risala ya mwaka jana imehifadhiwa, na kilichobaki ni kubadili jina, na wakati mwingine hata jina hubadilishwa juu na kusahauliwa chini. Zamani aliyekosa maneno alilazimika kwenda jikoni kuyatafuta. Sasa maneno yako tayari kabla mtu hajatazamwa, na kwa kuwa yako tayari, hatazamwi.

Liko na jambo jingine ambalo wastaafu hulisema wao kwa wao na hawalisemi mbele ya mgeni rasmi. Mtumishi husomewa shukrani za taifa zima, hupigiwa makofi, hupewa saa ya ukutani, kisha hurudi katika nyumba ya shule ambayo anadaiwa aihame, akingoja fedha ya kusafirisha mizigo yake hadi kwao na kiinua mgongo ambacho majalada yake yanatafutwa. Nimemjua mzee aliyeagwa mwezi wa sita na akaonekana bado anateka maji katika bomba la shule mwezi wa kumi na mbili, akiwaepa wale waliomsomea risala kwa haya, kana kwamba kosa ni lake. Risala ya kale haikuwa na dawa ya ugonjwa huo. Hata hivyo ile iliyoandikwa na watu waliomtazama mtu ilikuwa na desturi ya kutaja, kwa adabu na mbele ya mkuu wa wilaya, kwamba msafiri huyu kwao ni Kasulu, na kwamba Kasulu ni mbali. Na mkuu wa wilaya akaandika neno katika karatasi yake.

Mwalimu wetu mwenyewe aliondoka katikati ya muhula. Barua ya uhamisho ilifika Jumatatu, gari likaja Jumatano wakati sisi tuko darasani, na hapakuwa na bwalo, wala dua, wala ngonjera. Wale watatu wake, mwenye macho na mwenye mkono na mwenye sauti, walikuwa wameanza kazi tangu siku nyingi bila ya kuagizwa na mtu, wakijua kwamba siku moja itahitajika, na daftari lao lilikuwa na matendo, mahali na saa kama alivyowafunza. Mlikuwa mmeandikwa humo kwamba alisahihisha insha zetu kwa penseli, ili mwenye daftari akikwisha kulielewa kosa alifute na kubaki na ukurasa safi. Mlikuwa mmeandikwa kwamba Ijumaa usiku aliwasha taa ya chemli barazani na kuwapokea wale ambao baba zao hawakujua kuandika, waliotumiwa barua zilizoandikwa na waandishi wa sokoni kwa maneno ya sokoni, akawa anazisoma pamoja na mtoto neno kwa neno, akimwonyesha lipi ni la mwandishi aliyelipwa na lipi lilitoka kwa baba. Mlikuwa na mengine pia, na yote yalijaza upande mmoja na nusu wa karatasi. Kiranja mkuu, yule yule aliyenyimwa kusoma, alikwenda ofisini kuuliza kituo kipya cha mwalimu ili karatasi zile zitumwe kwa posta, akaambiwa kwamba habari za vituo vya watumishi hutolewa kwa maandishi, na kwa wanaohusika tu.